Kabla Hujaandika Hakuna

Kwanza mjue kwamba mimi sijawahi kutazama nyota kwa chombo chochote. Miaka yangu yote ya kazi niliinama. Nilikuwa mpimaji wa maabara katika zahanati moja ya upande wa Temeke, nikachungulia damu, mkojo na choo cha watu mpaka shingo ikapinda, na mkiniona natembea kama natafuta sindano iliyodondoka, sababu ni hiyo. Kwa hiyo juzi mliponijia hapa nyumbani, nyie wanafunzi wa mtaa huu, mkitaka niwaamulie ubishi kama kuna viumbe hai huko kwenye sayari nyingine, nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Mmoja wenu alisema sayansi imeshathibitisha kwamba hakuna. Mwingine akasema wapo, kawaona kwenye simu. Niliwaambia nyote mna haraka, nendeni mkale, nitawaandikia. Haya, nimeandika, na msiponielewa lawama zenu.

Ubishi huo hamkuuanza nyie. Sisi tuliubishania miaka ile ya Ujamaa, katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Darubini yetu, ambayo vitabu vyenu vinaiita hadubini, ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kuakisi jua. Unaisogeza meza hadi dirishani, unakigeuza kile kioo taratibu mpaka mwanga upande, ndipo unaanza kazi. Wingu likipita, kazi inasimama. Wagonjwa wako kwenye foleni, kalamu iko mkononi, na huna la kufanya ila kusubiri Mungu aliondoe wingu lake. Sasa watu watatu wakikaa kwenye kiza cha wingu watafanya nini? Watabishana. Wakati wa masika tulibishana mpaka tukanuniana.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Mapunda, mtu wa Songea, aliyebakiza kidogo awe padri kisha akaacha. Alivaa kaptura yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata kitunguu, na soksi ndefu hadi magotini, joto liwe kali namna gani. Wa pili alikuwa Mzee Sefu, mwosha vioo, mswalihina, mtu wa maneno machache ila yakitoka yanauma. Wa tatu mimi, binti wa Lindi niliyetoka chuoni na cheti kipya, najua kila kitu.

Siku redio ilipotangaza kwamba watu wametembea mwezini wakakuta mawe na vumbi, mimi ndiye niliyekuwa na furaha kuliko wote. "Mmesikia? Hakuna! Huko juu hakuna hata mdudu."

Mzee Sefu aliendelea kufuta kioo kwa kipande cha khanga kuukuu. "Mwanangu, kila siku unaswali unasema Mola wa walimwengu wote. Walimwengu, wengi. Wangekuwa wa hapa tu, si angejiita Mola wa Temeke?"

"Mie nilimuuliza padri seminarini," akasema Bwana Mapunda, "kwamba kama wapo watu huko kwingine, nao wana dhambi ya Adamu, au wao hawakula tunda?"

"Akakujibuje?"

"Alinipa jembe. Nililima shamba la mihogo wiki nzima." Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, unayesema hakuna, umeangalia viwanja vingapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kila siku, kwa hiyo niwaeleze. Ukichungulia kwenye darubini unaona duara la mwanga. Duara hilo tuliliita uwanja. Tone moja la damu lililotandazwa kwenye kioo lina viwanja vingi mno, huwezi kuvimaliza. Ukikuta mdudu kwenye uwanja wa kwanza, kazi imekwisha, andika umemwona. Lakini usipomwona, sheria yake ilikuwa uangalie viwanja mia, kimoja baada ya kingine, pole pole, ndipo uruhusiwe kushika kalamu. Mia, jamani. Macho yanatoa machozi, na foleni inakusonya. Wapimaji wengi wavivu waliangalia kumi na tano wakapiga muhuri. Bwana Mapunda alisema mwezi ni uwanja mmoja tu, tena tumeangalia pembe yake, na mimi nimeshaandika majibu ya mbingu nzima. Nilimwona mtu mchokozi tu.

Lakini msidhani alikuwa rahisi kuamini vitu. Nyie mliowaona kwenye simu, hili ni lenu. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kumjia mbio nikipiga kelele kwamba Temeke ina ugonjwa mpya. Kwenye choo cha kila mgonjwa niliyempima siku mbili zile nilikuta kidudu cha ajabu, kina nywele pembeni, kinazunguka kama pia. Watoto wanacho, wazee wanacho, hata bwana afya aliyekuja kupima kwa hofu tu, anacho. Nilishaanza kuwaza jina la kukipa, na ndani yake jina langu. Bwana Mapunda hakuchungulia hata. Alichukua tone la maji tuliyokuwa tukichanganyia, akaliweka kwenye kioo kitupu, pasipo mgonjwa yeyote, akaniambia nitazame. Kikawa kimo humo kinazunguka. Kumbe maji niliyachota kwenye pipa la mvua nyuma ya jengo, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kwenda kuchukua yaliyochemshwa.

"Kitu ukikikuta kwa kila mtu," alisema, "anza kujishuku mwenyewe."

Mzee Sefu alinitania kwa hilo mwezi mzima. Alikuwa akinisalimia, "Hajambo mdudu wako?" Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba vyombo vinavyopelekwa kwenye sayari nyingine husafishwa kwa moto na dawa kabla ya kuondoka, ili wanaovipeleka wasije wakakuta huko vijidudu walivyokwenda navyo wenyewe wakapiga kelele kwamba wameona uhai. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikatamani Bwana Mapunda angekuwa hai nimsomee.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bado linaniuma, ingawa liliishia vizuri. Alikuja asubuhi moja ya jua safi mwanamke mmoja anaitwa Salome, Mgogo wa huko Dodoma vijijini, mume wake akifanya kazi kiwanda cha nguo. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimba mbili za kwanza zilitoka zikiwa karibu na umri huohuo, zote kwa homa. Kila akishika mimba alikwenda kukaa kwanza kwa mama yake, ndivyo alivyozoea, na safari hii pia alikuwa ndiyo amerudi. Alinieleza yote hayo nikimtoboa kidole, maana wagonjwa huongea sana wakiwa wanaogopa sindano. Homa, alisema, ilimkamata siku nne ikamwacha. Ikakaa wiki, ikamkamata tena, ikamwacha jana.

"Ila itarudi," alisema. "Huwa inarudi. Dada, nitazamie vizuri. Huyu nikimpoteza, sijui kama nitajaribu tena."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Mwananyamala kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimeshasuka nywele. Nilipaka damu ya Salome rangi, nikaitazama kwa ile lenzi kali ya tone la mafuta, na nikiwa mkweli mbele yenu, nilifika viwanja thelathini hivi. Sikuona malaria, sikuona kitu. Nikaandika Hakuna, kwa mwandiko mzuri, nikapeleka. Mganga wa zamu akasoma, akamwambia, "Ndugu, damu yako safi. Hiyo ni hofu tu ya yaliyokupata nyuma. Nenda kapumzike." Akampa aspirini.

Salome alipita mlangoni kwangu anaondoka. "Kwa hiyo mie nadanganya?" aliniuliza, na hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

Nami nikamjibu, "Darubini haidanganyi." Nikaenda kucheza ngoma harusini. Nikikumbuka jibu lile hadi leo natamani ardhi inimeze.

Kila Jumatatu Bwana Mapunda alikuwa na desturi ya kuvirudia vioo vya wiki iliyopita kabla Mzee Sefu hajaviosha. Jumatatu ile akakishika cha Salome. Nilikaa pale nikijua nilivyofanya. Akaenda viwanja mia, nikimhesabia moyoni, akaongeza vingine. Kisha akainua kichwa akasema, "Na mie sioni kitu." Nikajiona nimepona, nikaanza hata kutabasamu.

"Mgonjwa mwenyewe alisemaje?" akauliza.

Nikamweleza. Homa inakuja, inaondoka, inakuja. Anatoka kwao Dodoma, nyumba ya udongo ya mama yake, na hata mkeka na mto wake katoka navyo huko. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia sauti yangu ikipungua. Bwana Mapunda aliweka kalamu chini.

"Homa ya papasi," alisema.

Papasi ni kupe wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, anatambaa na kwenye mikeka, anauma watu wamelala. Anachokiacha kwenye damu ni kijidudu chembamba kuliko uzi, na tabia yake ni kwamba homa ikipanda kinajaa damuni, homa ikishuka huwezi kukiona hata uangalie viwanja elfu. Mjamzito ndiye kinayemwonea zaidi. Chuoni tulifundishwa nikajibu mtihani vizuri sana.

"Umekwenda kwa mtu ukapiga hodi saa hayupo," aliniambia, "ukarudi ukaandika nyumba haina mwenyewe." Akachukua daftari, akakata neno langu kwa mstari mmoja, juu yake akaandika: Haikuonekana, homa ikiwa imeshuka. "Kamtafute. Homa ikirudi ikukute pale."

Wakati ule nyumba zetu hazikuwa na namba, na simu ilikuwa ya wakubwa. Daftari la wagonjwa liliandikwa jina na jina la balozi wa nyumba kumi, basi. Nilikwenda mtaa wa Mtoni nikiuliza balozi kwa balozi, nimevaa koti langu jeupe, na nilipompata balozi wao, mzee mmoja mwenye kifua mbele, alinidaka kabla sijasalimia. "Ndugu bibi afya, choo tumeshachimba! Futi kumi na mbili! Njoo upime mwenyewe!" Ilinibidi nikipime na kukisifu ndipo anipeleke kwa Salome.

Salome alikuwa anachambua mchele. Aliponiona hakuinuka. "Umekuja kuniambia tena nadanganya?"

Hapo ndipo nilipojifunza kazi, wanangu, wala si chuoni. Nilivua viatu, nikakaa chini, nikamwambia nilifanya haraka kwa sababu ya harusi, nimekosa, anisamehe. Balozi akakohoa akatazama pembeni. Salome alimaliza kwanza ungo wake. Kisha akasogeza kigoda.

Nilikwenda asubuhi tatu mfululizo, namkuta mzima, tunaongea habari za kwao, narudi. Asubuhi ya nne nilimkuta amejikunja, mwili unaunguza, meno yanagongana, mikono miwili ameikumbatisha tumboni. Nilikimbia hadi zahanati. Bwana Mapunda hakutaka kupaka kioo na kungoja rangi ikauke. Alibeba darubini yote, sanduku lake la mbao begani, soksi zake ndefu, na watoto wa Mtoni wakamfuata wakidhani ni mpiga picha. Balozi akatoa meza yake ya kugongea mihuri. Tukaiweka uani penye jua.

Tone bichi la damu, bila rangi, chini ya kioo chembamba. Nilitazama uwanja wa kwanza, wa pili, wa ishirini. Chembe za damu zimetulia, hakuna kitu. Nikahisi nalia. "Usimtafute yeye," aliniambia Bwana Mapunda polepole, "ni mwembamba mno, hutamwona. Tafuta kilichotikiswa. Ipo sayari moja kubwa kule juu, haikujulikana mpaka watu walipoona jirani yake anayumba bila sababu."

Basi nikaacha kutafuta mdudu, nikatazama chembe. Na chembe moja ikasukumwa. Ikatulia, kisha ya pembeni yake ikacheza, kisha ya tatu, kama watu kwenye foleni mtu akijipenyeza. Nilikaza jicho pale palipotikisika mpaka nikauona uzi wenyewe, umejiviringa, unapita. Nililia kweli, machozi yakadondokea darubini, na Bwana Mapunda akanifokea kwamba nitaiharibu mali ya serikali.

Salome alichomwa penisilini siku ileile. Saa chache za mwanzo alitetemeka kuliko kabla ya sindano, ndivyo dawa ile inavyofanya kwa homa ile, na nilikaa naye kitandani nimemshika mkono nikisoma kila dua niliyofundishwa. Mumewe alitoka kiwandani na pamba bado kichwani, akasimama mlangoni hawezi kuingia. Alfajiri alikuwa amelowa jasho, mwili umepoa, na mtoto tumboni akapiga teke. Alinivuta mkono nimsikie. Mkeka na mto balozi alisimamia vichomwe moto mwenyewe, na akamwandikia barua yenye muhuri mama yake Salome kule Dodoma kuhusu nyufa za nyumba yake.

Siku hizi mnadondosha damu kwenye kipande cha plastiki, mstari ukitokea umepata, usipotokea huna. Vizuri, mimi si mtu wa kulilia ya kale, shingo yangu ingekuwa imenyooka. Lakini plastiki ile inajibu swali moja tu, lile ililotengenezewa. Na nyie mnaoniuliza kuhusu huko juu, jibu langu ndilo lile aliloandika Bwana Mapunda juu ya neno langu alilolikata. Haijaonekana. Mkiongeza, ongezeni tumeangalia wapi, kwa chombo gani, na saa ngapi. Atakayesema hakuna, mwulizeni viwanja vingapi. Atakayesema ameona, mwulizeni maji aliyachota wapi. Moyoni mwangu, kwa kuwa najua mtaniuliza, naamini wapo, ila imani yangu siipigii muhuri.

Salome alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na kitu, mwenye sauti ya kuuza samaki. Alimleta maabara akiwa na miezi miwili, mgongoni, na zawadi ya karanga za kwao. Akasema ana ombi moja: anataka kumwona aliyewaua wanawe wawili. Nikamwambia damu yake sasa ni safi, sina wa kumwonyesha. Lakini sikutaka aondoke hivihivi. Nilitoka na kikombe nikachota maji ya mtaro wa nyuma, nikaweka tone, nikamgeuzia kile kioo juani, nikamwambia ainame.

Aliinama muda mrefu, nadhani hakuna mtu aliyewahi kuitazama darubini ile hivyo. Mtoto mgongoni alikuwa anavuta kamba ya koti langu.

"Wengi hivi," alisema mwishowe. "Wengine wanakimbizana. Huyu ana watoto tumboni, nawaona." Kisha, bila kuinua kichwa, "Dada, wao wanajua kama sie tupo?"

Mzee Sefu akaacha kufuta vioo, Bwana Mapunda akainua kichwa.

"Sijui," nikamwambia.

Aliinuka, akafunga khanga vizuri mtoto asiteleze. Nikachukua kile kikombe nikimwage kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu, kama tulivyofanya kwa kila kitu, na yeye akanishika mkono.

"Waliowaua wanangu si hawa," alisema. "Warudishe kwao."

Foleni ilikuwa imefika nje, na jua lilikuwa zuri la kufanyia kazi. Nilibeba kikombe kwa mikono miwili, nikawapita wagonjwa wote, nikachuchumaa kwenye mtaro, nikayamimina yale maji polepole hadi tone la mwisho.